Plasta za Ukingo wa Meza

Jumatatu, 4 Machi

Mama mdogo, leo nafungua daftari ulilonipa, na naapa nitaandika kila kitu, hata yale ambayo mama angependa yabaki ndani ya kuta zetu. Ulisema simu si mahali pa kusimulia, ukasema nianze mvua zikianza, nikutumie lote zikikatika. Mvua zimeanza leo kabla ya kengele ya shule.

Bado naona kama uko mlangoni unatuaga. Umevaa sare nyeupe ingawa ulikuwa safarini, na mdogo wangu Kifaranga amekung'ang'ania mguu hataki uende hiyo hospitali yako mpya. Mama alikuwa amejiunguza tena mkono kwenye rola la kupigia pasi. Ulimshika mkono, ukaona plasta imebanduka kidogo, ukaubonyeza ukingo wake kwa kidole gumba mpaka ukashika vizuri. "Jitunze, dada," ulisema. Nilijiambia, hivi ndivyo muuguzi anavyokuwa, hata akiwa anaaga mikono yake inafanya kazi. Nami nataka kuwa hivyo.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Jaribio la biolojia, nimekosa swali moja tu, la figo.

Jumamosi, 9 Machi

Nimempelekea mama chakula kazini. Wewe ulifanya kazi hospitali ileile miaka minne, lakini juu, wodini. Sijui kama uliwahi kushuka kule chini kwa madobi, kwa hiyo nakueleza.

Ni chumba kirefu chenye madirisha madogo juu kabisa, karibu na dari. Asubuhi wanachambua mashuka machafu juu ya meza ya bati, mchana wanapiga pasi yaliyokauka. Ukiingia mchana miwani inafunga ukungu. Rola ni pana kama kitanda, na anayelisha shuka lazima mikono yake ipite karibu na moto. Ndiyo maana wote wana makovu kuanzia kifundo cha mkono hadi kwenye kiwiko, kama bangili.

Kuna mwanamke wanamwita Kipaza, kwa sababu akinong'ona anasikika getini. Aliponiona tu akapaza: "Karibu mheshimiwa daktari! Njoo unipime mgongo, unalia kama kitanda cha chuma!" Nilicheka mpaka nikamwaga mchuzi.

Msimamizi wao wanamwita Bwana Funguo. Anatembea na mtungo wa funguo kiunoni, na ufunguo mmoja ni wa kabati la huduma ya kwanza lililo ukutani. Niliuliza kwa nini mama asipewe plasta kutoka humo. Kipaza akasema, "Mwanangu, kabati lile ni picha. Tunaitazama tu."

Kwa hiyo wana mtindo wao. Wakichambua mashuka wanakuta plasta za wagonjwa zimenasa humo, na zikiingia kwenye mashine zinaziba chujio. Basi wanazibandua na kuzibandika kwenye ukingo wa meza, moja baada ya nyingine. Zilizolowa damu wanatupa. Lakini zipo nyingine za nailoni, nyembamba, zinazopitisha mwanga, hazina chachi wala doa, na gundi yake haijali maji wala jasho. Hizo ndizo wanazozipenda. Mtu akiungua anakwenda ukingoni, anachagua iliyo safi, anabandika, anarudi kazini. "Plasta za wakubwa," Kipaza anaziita. "Zinaliwaza hata maumivu, we acha tu!"

Mama anayo moja mkononi sasa hivi.

Jumatano, 13 Machi

Mama amesinzia akila. Kijiko kilibaki hewani.

Jumapili, 17 Machi

Mvua kutwa. Kifaranga amelia mdoli wake ameumia goti, mpaka mama akafungua mkoba akampa plasta ya nailoni aliyoiweka ya akiba. Wakaibandika pamoja, kwa heshima zote. Mdoli amepona. Sasa Kifaranga analala naye kifuani.

Ijumaa, 22 Machi

Nina hasira na mama, na kwa kuwa niliapa, naandika.

Leo ilikuwa siku ya wazazi. Niliwekwa mstari wa mbele kwa sababu ya alama zangu, na kiti cha mama kilikaa kitupu mpaka mwisho. Nilirudi nyumbani nimelowa chapachapa, nikamkuta amelala kwenye kochi na viatu miguuni. Nilimtikisa. Alifungua macho, akajikuna pua, akasema, "Nilikaa kidogo tu nipumzike." Ulimi wake ulikuwa mzito. Kisha akaenda kutapika.

Jirani alikuwa mlangoni amekuja kuomba kiberiti. Akanitazama kwa jicho la huruma, akasema chini chini, "Mama yako siku hizi anapitia wapi akitoka kazini?" Nilijua anamaanisha pombe. Nilimjibu kwa adabu kwamba mama hanywi. Lakini baada ya kufunga mlango nilimnusa mama mdomoni akiwa amelala, kama mwizi. Hakunuka kitu ila sabuni ya kazini.

Angekuwa anakunywa ningejua la kumchukia. Sasa sijui, na hasira haina pa kukaa.

Jumatatu, 25 Machi

Nguo hazikauki, hata za hospitali. Kwa hiyo kila shuka linapita kwenye rola mara mbili, na joto limeongezwa. Mama ameungua tena, safari hii kubwa, malengelenge yamepasuka. Amebandika plasta mbili za nailoni juu ya kidonda kibichi.

Alhamisi, 28 Machi

Mama mdogo, mistari inapinda, nisamehe.

Mvua ilikuwa kubwa, na baada ya shule nikapitia kwa mama nimsubiri turudi pamoja na mwavuli mmoja. Nilikaa juu ya gunia la foronya karibu na mlango. Mama alikuwa kwenye rola. Alikuwa analisha shuka, lakini polepole, kichwa kinaanguka na kuinuka. Alianza kukoroma akiwa amesimama. Kipaza akasema, "We dada, unakoroma kama pampu, utatuvutia maji!" Wakacheka wote. Nami nilicheka. Niliandika nitasema kila kitu, basi na hilo nalisema: nilicheka.

Kisha shuka likaenda lenyewe na mama akateleza chini, taratibu, kama nguo inayodondoka kutoka kwenye kamba.

Bwana Funguo alikuja akasimama juu yake. "Kalewa huyu. Mmwagieni maji usoni."

"Hajalewa!" nilisema. Midomo yake ilikuwa inabadilika rangi. Anavuta pumzi moja, halafu hakuna, hakuna, mpaka mimi mwenyewe nabanwa kifua, ndipo inakuja nyingine.

Kwa bahati nesi mmoja kijana alikuwa ameteremsha mashuka ya wodi ya pili. Alipiga magoti, akamfunua macho. "Mboni zimekuwa kama ncha ya pini," alisema. Akavuta mkono wa sare. Akaona plasta mbili. Akaganda. "Hizi kazitoa wapi? Hii ni dawa! Ni dawa ya maumivu makali, inaingia mwilini kupitia kwenye ngozi. Ni ya wagonjwa wetu wa juu!"

Bwana Funguo aliruka nyuma, funguo zikalia. "Msimguse! Nimeona kwenye simu mimi, askari mzima mwenye afya kaigusa tu kwa kidole akaanguka! Mkimgusa mnakwenda naye! Rudini nyuma!"

Na wakarudi nyuma. Wanawake wote wale, ambao kwa miezi walikuwa wakizibandua plasta hizo kwa kucha zao na kuzipanga mezani, wakajibana ukutani kana kwamba mama amegeuka nyoka. Hata Kipaza. Hata nesi alinyanyua mikono. "Glavu," akasema. "Nani ana glavu?"

"Kabatini," akasema mtu.

Bwana Funguo alitafuta ufunguo. Huu sio. Huu sio. Mama hakuvuta pumzi. Hatimaye kabati likafunguka, na ndani yake, Mama mdogo, kulikuwa na mwavuli wake, koti lake la mvua, na chupa tupu ya spiriti. Ndiyo huduma ya kwanza. Mama yangu amejifunika kidonda kwa takataka za wagonjwa ili mwavuli wa mtu usilowe.

Sikusubiri tena. Nilichukua foronya, nikazishika plasta kwa kitambaa, nikazivuta zote mbili, zikatoka na ngozi. Sikuanguka. Nikamlaza chali, nikainua kidevu chake kama tulivyofundishwa shuleni, nikapiga kelele jina analoitwa na bibi tu, jina la utotoni. Akavuta pumzi moja.

Nadhani kuniona sijaanguka kulimzindua nesi. Alisema, "Endelea kumwita, usimwachie alale, kidevu juu!" Akakimbilia simu ya ukutani. Kipaza akatoka ukutani analia kwa sauti yake yote. "Nikianguka nianguke! Shika miguu!" Tukambeba, tukamtia kwenye toroli la mashuka machafu kwa kuwa hakukuwa na kingine, tukalisukuma kwenye njia ya mteremko kuelekea juu, gurudumu moja linakwama, mvua inatupiga, na mimi nimepanda humo ndani juu ya mashuka, nimeshika kidevu cha mama.

Daktari wa zamu alimdunga sindano. Mama alivuta hewa kama mtu aliyetolewa kisimani. Alinitazama, akasema, "Mbona umelowa hivyo?"

Ijumaa, 29 Machi

Alizama tena baada ya saa moja, wakamdunga ya pili, kisha wakamtundikia dripu. Daktari alinieleza vizuri, hakuniona mtoto: hata plasta ikitoka, dawa iliyokwisha kuingia kwenye ngozi inaendelea kuteremka mwilini polepole. Ndiyo maana hawakumwacha peke yake. Leo amekunywa uji. Anauliza nani amepokea zamu yake kwenye rola.

Jumanne, 2 Aprili

Wamemwita ofisini kwa mkuu wa utumishi. Nilimsindikiza kwa kuwa bado anapepesuka. Nilikuwa nimejiandaa kupokea pole.

"Dawa hizi," alisema mkuu huyo, bila kutukaribisha kiti, "zinakaa kwenye kabati la kufuli mbili. Haziwezi kufika chini ila kwa mkono wa mtu."

"Zilikuja na mashuka, mkuu," mama alisema.

"Mashuka hayana miguu, mama."

"Ya kwetu yanakuja kwa toroli."

Nilitaka kumpigia makofi. Lakini mkuu hakucheka. Akasema mama amesimamishwa kwa tuhuma za kuiba dawa na kuzitumia kazini, kikao kitakaa mwisho wa mwezi, na akikutwa na hatia atakabidhiwa polisi. Bwana Funguo alikuwa pembeni anatazama viatu vyake. Mama alimwambia, "Waambie kuhusu ukingo wa meza. Wewe unapita pale kila siku." Akajibu, "Mimi sijui habari za ukingo."

Sijui habari za ukingo! Nimeandika maneno yake ili nisije siku moja nikamsamehe kwa kusahau.

Jumatano, 3 Aprili

Nimekwenda kuuona. Ukingo umekwanguliwa, unang'aa kama sahani.

Ijumaa, 5 Aprili

Leo asubuhi nilikuwa namvalisha Kifaranga nikamwona mdoli juu ya mto wa kulalia. Goti lake. Siku zote hizi amelala na kile kitu chini ya kidevu, naye hunyonya kila anachokishika! Nilimpokonya. Alilia kama nimemchinjia kuku wake. Nilimpima macho, nikampima pumzi, nikamnawisha mpaka akasema, "Dada, ngozi yangu itaisha."

Nilimfunga mdoli kwenye mifuko miwili, nikampeleka kwa mwalimu wa biolojia, nimemshika kwa mkono ulionyooka kama bomu. Nilidhani naye ataruka nyuma. Mwalimu alivaa glavu za maabara, akamlaza mdoli mezani kama mgonjwa, akachukua kioo cha kukuzia. Kwenye plasta kulikuwa na maandishi madogo yaliyofifia. Aliyasoma, jina la dawa na nguvu yake, kisha akakaa.

"Nilipozivuta plasta za mama nilishika kwa foronya tu," nilimwambia. "Je, na mimi..."

"Ungeshika hata kwa vidole ukanawa mara moja, usingeanguka," alisema. "Ngozi ni ukuta. Kinachopita, kinapita polepole, ndiyo maana plasta hii imetengenezwa kukaa siku tatu. Weka tone la maji juu ya ubao ulifute, ubao haujui kitu. Tandika tambara bichi juu yake uliache kutwa, ubao unalowa mpaka ndani."

"Na ukiuweka karibu na moto?"

Akanitazama. "Dawa hii ikipata joto inaingia haraka zaidi. Na kama pale ngozi imechubuka, ukuta wenyewe haupo."

Rola. Malengelenge. Plasta mbili. Mwalimu aliona nimeelewa, hakuendelea. Aliniambia tu kwamba kunawa ni kwa maji mengi, na sabuni kama ipo, si kwa ile dawa ya mikono yenye spiriti, kwa kuwa nayo inaweza kuisaidia kupenya. Na kwamba plasta iliyokwisha tumika bado ina dawa nyingi ndani yake. Inatakiwa kukunjwa gundi kwa gundi na kutupwa kwenye pipa lake maalumu, palepale wodini, na aliyeibandua.

Nimekuwa nikitembea na maneno hayo kutwa. Siku zote ambazo madobi walistahili kuambiwa wasishike, hakuna aliyewaambia. Siku mama alipohitaji kushikwa, ndipo walipoambiwa wasimshike. Yaani hofu yote ya hospitali ile ilikuja saa moja tu, saa isiyofaa, ikamwangukia mtu mmoja.

Mwalimu amemfungia mdoli kwenye kabati la maabara mpaka siku ya kikao. Kifaranga nimemwambia amelazwa.

Jumanne, 9 Aprili

Jirani ametuma mtoto aulize kama kamba yetu ya nguo "inaambukiza". Nimeanika nguo zote mbele ya dirisha lake. Hazikukauka, lakini nimeridhika.

Jumamosi, 13 Aprili

Kipaza amekuja. Alimwambia mama, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "Dada, ni mimi niliyekuonyesha zile za nailoni. Nami nilikuwa nazo mbili mgongoni tangu mwaka jana, nikibadilisha. Nilidhani umri ndio unanilaza." Alizitoa baada ya ile siku, akashikwa na jasho na tumbo kwa siku kadhaa, hakumwambia mtu.

Nilimkasirikia siku ile aliporudi ukutani. Leo nilimtengenezea chai. Amesema atakuja kikaoni aseme mbele ya wakubwa. "Lakini mimi dobi," alisema. "Wataniambia na mimi nimeiba. Anatakiwa mtu wa juu. Mtu wa wodini aseme kwamba zilikuwa zinashuka na mashuka."

Sote watatu tulimfikiria mtu mmoja.

Jumatano, 17 Aprili

Mama amekupigia. Umesema uko zamu. Amepiga jioni. Umesema uko zamu. Yule nesi kijana anasema yeye ana wiki sita tu pale, na kwamba alikuta mambo yanakwenda hivyo: mgonjwa akifariki au akihamishwa, shuka linakunjwa pamoja na kilichomo, kwa kuwa mikono ni michache na vitanda ni vingi. "Wa zamani ndio wanaojua," aliniambia. Nikamuuliza wa zamani ni nani. Akataja wawili. Mmoja amestaafu.

Jumapili, 21 Aprili

Mvua zimekatika. Nimesubiri siku nzima nione kama zinatania, lakini anga ni jeupe na bati limekauka. Kwa hiyo daftari limefika mwisho kama ulivyotaka, na kesho nalipeleka posta.

Nimelisoma lote tangu ukurasa wa kwanza, na nimekwama pale mwanzo. Nilikuandika ukiwa mlangoni na sare yako nyeupe. Niliandika kwa upendo, sikubadilisha neno. Mama alikuwa na plasta mkononi. Haikuwa na chachi. Ilikuwa ya nailoni, inapitisha mwanga, na wewe miaka minne ulikuwa ukiwabandika wagonjwa kila baada ya siku tatu.

Mama hataki nikuulize. Anasema, "Mdogo wangu alikuwa na safari, mawazo yake yalikuwa njiani." Anakutetea huku ameshika kikombe kwa mkono wenye kovu. Anaamini utakuja kikaoni siku ya thelathini. Nami nataka kuamini, kwa sababu bado nataka kuwa muuguzi na sijapata mwingine wa kumfuata. Inawezekana hukutazama. Inawezekana dada yako alikuwa kwako mkono tu wa kuagwa. Hilo naweza kulibeba, ukija useme.

Lakini sitaki simu, wala sitaki kusikia habari za zamu. Nimeambatanisha bahasha yenye stempu na anwani yetu, na nusu ya ukurasa huu nimeiacha wazi kwa ajili yako. Andika hapa chini uirudishe kwa posta ya kwanza:

Mama mdogo, siku ile ulipoubonyeza ukingo wa plasta ya mama ili ishike vizuri, ulijua ni nini?